Nelson, Bussa na Mbuyu wa Bridgetown

Mwaka 2019 nilikuwa Barbados, kisiwa cha Karibi, kwa shughuli za kikazi zilizohusu uhifadhi wa majengo ya kale, na shughuli hizo zilipokwisha nilibakiwa na Jumamosi nzima kabla ya safari ya kurudi nyumbani. Mwalimu mmoja mstaafu wa historia, mama mtu mzima tuliyefahamiana katika vikao, aliposikia kwamba natoka Bagamoyo alinizuia kujiunga na kundi la watalii. Alisema angenitembeza Bridgetown, mji mkuu, yeye mwenyewe, kwa mpangilio wake.

Tulianzia kwenye majengo ya Bunge. Bunge lenyewe ni la mwaka 1639, lakini majengo yanayoonekana leo, yenye madirisha yaliyochongoka, yalikamilika kati ya mwaka 1872 na 1874, na mnara wa saa wa sasa ni wa mwaka 1886. Kabla Mwalimu hajaanza kueleza, mimi nilikwisha kuweka kiganja ukutani, kwa sababu mawe yale nayajua: ni matumbawe. Sehemu kubwa ya Barbados ni kisiwa cha matumbawe, na mafundi wake walijengea jiwe lilelile lililojenga Bagamoyo, Mji Mkongwe na Lamu. Kwetu vipande hupangwa ovyo ndani ya chokaa na kufunikwa kwa lipu. Kule jiwe limekatwa kwa msumeno likawa matofali yaliyonyooka, na mengi yameachwa wazi yaonekane. Ndani kuna madirisha ya vioo vya rangi yenye sura za wafalme na malkia wa Uingereza, kuanzia James wa Kwanza hadi Victoria. Mwalimu alinitaka nikumbuke sura hizo, kwani angezirudia baadaye.

Mbele ya Bunge upo Uwanja wa Mashujaa wa Taifa, ambao hadi mwaka 1999 uliitwa Trafalgar. Siku ile sanamu ya shaba ya Nelson, admirali wa jeshi la majini la Uingereza, ilikuwa bado imesimama pale. Iliwekwa mwaka 1813, miaka 30 kabla ya mnara maarufu wa Nelson jijini London kukamilika, na waliogharimia walikuwa na sababu yao: manowari zake zililinda njia za baharini zilizopitisha sukari yao. Mwalimu hakupaza sauti, lakini alizungumza kwa uzito. Alinieleza kwamba mwaka 1805 Nelson alimwandikia barua mmiliki wa watumwa wa Jamaica akiutetea mfumo wa makoloni na kuwalaani waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Kisha akanitaka nipige hesabu: sanamu iliposimamishwa, watumwa wa Barbados walikuwa wamebakiza miaka 21 kabla ya sheria ya kukomesha utumwa kuanza kutumika mwaka 1834, na minne zaidi ya kufanya kazi kwa mabwana walewale kwa jina la uanagenzi, hadi tarehe 1 Agosti 1838.

Sinagogi ya Nidhe Israel tuliipita kwa haraka kuliko inavyostahili. Ilijengwa mwaka 1654, ikabomolewa na kimbunga cha mwaka 1831, ikasimamishwa upya miaka miwili baadaye. Mtu wa fani yangu angeweza kukaa pale kutwa nzima akitazama birika la kujitakasa lililofukuliwa mwaka 2008, lakini Mwalimu alikuwa akinivuta kuelekea Queen's Park, na nilipofika nikaelewa sababu.

Ulikuwa mbuyu. Shina lilikuwa pana kama ukuta wa nyumba, gome la kijivu lenye mikunjo, matawi mafupi na manene yaliyotanda juu ya nyasi zilizokatwa vizuri. Mbuyu si mti wa Karibi. Wapo wanaosema kwamba tunda lake lilielea kuvuka bahari ya Atlantiki. Wengine wanaamini mbegu ililetwa na meli kutoka Afrika Magharibi, katika zama ambazo meli hizohizo zilileta watu. Nilimweleza Mwalimu kwamba kwetu mti huu una wenyewe: watu hutambika chini yake, na mbegu zake tulizimumunya utotoni zikiwa zimepakwa sukari na rangi nyekundu. Alinisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza ni dua gani husomwa pale. Mimi, niliyezoea kupima umri wa ukuta kwa chokaa yake, nilisadiki siku ile kwamba hakuna mnara Bridgetown wenye ushahidi mkubwa kuliko mti huu, kwa sababu hakuna gavana aliyetoa fedha ili usimame.

Mchana tulipanda ZR, basi dogo jeupe lenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, ambalo kwa muziki na mwendo wake halina tofauti na daladala, tukashuka karibu na mzunguko wa barabara wa Haggatt Hall, nje kidogo ya mji. Katikati ya magari yanayozunguka inasimama sanamu ya Ukombozi, kazi ya Karl Broodhagen ya mwaka 1985: mwanamume aliyeinua mikono, minyororo iliyokatika ikining'inia kwenye vifundo vya mikono. Wenyeji humwita Bussa, mzaliwa wa Afrika aliyeongoza uasi wa watumwa uliolipuka tarehe 14 Aprili 1816, siku ya Pasaka, na akauawa vitani. Hapo Mwalimu akayarudia yale madirisha. Wafalme wote wale wana sura zao bungeni. Ya Bussa hakuna aliyeichora, na ndiyo maana mchongaji alilazimika kumpa sura ya watu wote waliokuwa naye.

Tarehe 16 Novemba 2020 Nelson aliteremshwa na kupelekwa makumbusho, na mwaka uliofuata Barbados ikawa jamhuri. Nilimwandikia Mwalimu kumpongeza. Alijibu kwamba alikwenda uwanjani na mjukuu wake kushuhudia, na kwamba jambo analolitaka sasa ni ile barua ya mwaka 1805 iwekwe kando ya sanamu, kwa maandishi makubwa, ili mtoto aisome bila kusaidiwa. Namuunga mkono kabisa.