Taa za dashibodi zilikuwa zinapepesa, dawa ikapatikana kwenye waya wa nega

Keri ninayoendesha, kigari kidogo cha mizigo, hubeba mwani kutoka Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kuleta mjini. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, kina mama wanavuna kwa wingi, na mara nyengine mzigo hupakiwa haujakauka vizuri. Maji yake ya chumvi hupenya kwenye mbao za sakafu ya mzigo yakashukia fremu. Naanza na hilo kwa sababu ndiko ugonjwa ulikotoka.

Dalili zilikuja usiku. Taa za dashibodi zinafifia, zinarudi, zinafifia tena. Nikiwasha indiketa, dashibodi nzima inapepesa kwa mapigo yale yale ya indiketa. Nikipita matuta ya barabarani kwenye msitu wa Jozani, yale yaliyowekwa ili magari yasigonge kima punju, sindano ya joto inaruka juu halafu inashuka. Hii sindano ilinitia hofu kuliko taa zenyewe. Dereva akishazoea kuiona inadanganya, siku injini ikichemka kweli hatoiamini.

Fundi wa kwanza alisikiliza injini akaniambia, "Sheikh, hiyo alteneta, tafuta nyengine." Alteneta ndiyo inayochaji betri injini ikiwaka. Wa pili akasema betri. Vyote viwili ni pesa nyingi kwa mtu anayeishi kwa mzigo wa siku, na hakuna hata mmoja aliyetoa mita ya kupimia umeme. Mafundi wetu nawaheshimu sana, wengi wamejifunza kwa jasho lao, lakini umeme haupimwi kwa sikio. Nikaazima mita kwa jirani yangu anayefunga umeme wa majumba.

Asubuhi kabla ya kuwasha, betri ilisoma volti 12.6. Hiyo ni betri iliyojaa. Nikawasha injini, ikapanda 14.2. Nikafungua taa kubwa na feni, ikasimama 13.9. Alteneta inayochaji hivyo haina kesi kubwa. Na kuna jambo jengine: alteneta ikiwa mbovu, kupepesa kwa taa hufuata pedeli ya mafuta, ukiikanyaga kunabadilika. Kwangu kulifuata matuta na indiketa, na mafuta hayakubadilisha kitu. Tena slefu, mota ya kuwashia injini, ilikuwa inapiga kwa nguvu kila asubuhi, maana yake betri na waya wake mnene unaokwenda kwenye injini vilikuwa sawa.

Hapo nikaanza kufikiria njia ya kurudi. Kwenye gari, umeme hutoka betri kwa waya lakini hurudi kupitia bodi la chuma, na bodi limeungwa na nega ya betri, yaani upande wake wa hasi, kwa waya wake. Waya huo ukidhoofika, umeme wa taa, feni na indiketa wote unagombania mlango mmoja mwembamba. Kila indiketa inapowaka, volti za dashibodi zinashuka kidogo, na geji, kama ile ya joto, nazo zinasoma uongo.

Kipimo chake ni chepesi. Injini inanguruma, taa na feni vimewashwa, unaweka ncha moja ya mita kwenye nega ya betri yenyewe na nyengine kwenye injini, halafu unaihamishia kwenye chuma kitupu cha bodi. Kwenye injini nilipata kama sifuri. Kwenye bodi nikapata volti 0.9. Ikizidi 0.2 tu, mimi natafuta sababu. Basi nikachukua jampa, waya mnene wenye vibanio, upande mmoja nikabana nega ya betri, upande wa pili nikabana fremu mahali nilipokwangua rangi. Dashibodi ikatulia pale pale. Indiketa inapiga, taa hazitikisiki. Nilifurahi kiasi cha kumwita mke wangu aje aone.

Waya mbovu ulikuwa umefungwa kwenye fremu chini ya bodi, pale pale maji ya mwani yanapodondokea. Kwa nje ganda lake jeusi lilikuwa zima, na mtu angeupita bila ya kuushuku. Nilipoukunja ukalia kama mchanga. Nikauchana: shaba imegeuka unga wa kijani, zimebaki nyuzi chache. Boliti nayo imeliwa na kutu.

Nikafungua nega ya betri kwanza kwa spana namba 10. Hiyo ndiyo hutangulia kutoka na ndiyo ya mwisho kurudi, ili spana ikigusa chuma isipige shoti. Nikanunua waya mpya wa shaba wa unene ule ule, wenye pete zilizobanwa vizuri kwenye ncha. Fremu nikaipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu kufunga waya juu ya rangi au kutu ni kazi bure. Nikaweka boliti mpya, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu yake chumvi isipate pa kuingilia. Nikapima tena: 0.04.

Ilibaki taa moja ya nyuma ya spidomita, ikizimika kwenye mashimo tu. Zingekuwa zote zinacheza ningerudi chini ya gari, lakini moja peke yake ni balbu au kikalio chake inamochomekwa. Nikaitoa dashibodi, nikasafisha miguu ya kikalio, nikakizungusha mpaka kikakaza. Ikatulia.

Sasa mwani mbichi siupakii bila ya turubai chini yake. Mzigo ukishuka namwagia fremu maji matamu ya bomba, si ya visima vya pwani, maana vingi vina chumvi. Na kabla ya kila bamvua naingia chini na mita, nasoma ile namba kati ya nega na bodi.