Filodendroni za Majani Makubwa: Tazama Shina Kabla ya Jani

Mmea wa kwanza wenye majani makubwa niliouleta nyumbani niliuziwa kwa jina la filodendroni, nami nikauita hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, mpaka siku lilipokunjuka jani jipya lenye matundu madogo kandokando ya mshipa wake wa kati. Hapo ndipo nilipotambua kwamba muda wote huo nilikuwa nikilea monstera. Kosa hilo ni la kawaida sana, kwa sababu mimea hiyo miwili ni ya familia moja, Araceae, asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika, na ikiwa bado michanga majani yake huwa na umbo lilelile la moyo. Tangu wakati huo nimeacha kuliamini jani peke yake.

Kuna alama mbili ambazo mimi huzitafuta kwanza. Monstera iliyokomaa huwa na kifundo kilichovimba kama goti mahali ambapo kikonyo hukutana na bapa la jani, na jani lake jipya hutokea ndani ya kikonyo cha jani lililotangulia. Filodendroni zinazopanda, kwa upande wake, hulifunika jani changa kwa ala ya pekee, ambayo hufunguka, ikanyauka, kisha ikaanguka au ikabaki shinani kama nyuzi kavu. Ukiiona ala hiyo, huna haja ya kuhesabu matundu.

Mmea unaoleta utata mkubwa zaidi ni ule ambao vitabu vingi bado vinauita Philodendron bipinnatifidum au Philodendron selloum, wenye majani yaliyochanika kwa kina hadi karibu na mshipa wa kati. Mwaka 2018 wataalamu wa mimea waliuhamishia katika jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu, ya Thaumatophyllum pamoja na ndugu zake wa karibu, hivyo jina lake sasa ni Thaumatophyllum bipinnatifidum, ingawa wauzaji na walezi wengi hawajaliacha jina la zamani, na sioni sababu ya kugombana nao. Huu haupandi kama mtambaazi. Husimama kwa shina nene kama mti mdogo, na kila jani linaloanguka huacha kovu linalofanana na jicho. Maua ya mmea huu ni ajabu ya peke yake, maana hujizalishia joto linaloweza kufikia nyuzi 40 za Selsiasi hata hewa ikiwa baridi, na joto hilo husambaza harufu inayowavuta mbawakawa wanaoyachavusha.

Nikishajua kwamba nina filodendroni au jamaa yake, swali linalofuata, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni shina linakwenda wapi. Philodendron melanochrysum ya Kolombia, yenye majani marefu ya kijani kizito yaliyo kama mahameli, hupanda juu ya miti. Philodendron gloriosum, ambayo nayo ni ya Kolombia na ina majani ya mahameli yenye mishipa myeupe, hutambaa juu ya ardhi. Ukiweka jani la moja kando ya jani la nyingine, mtu asiyezizoea anaweza kudhani ni mmea mmoja katika umri tofauti, lakini mashina yake yanadai malezi yanayopingana.

Niliijua tofauti hiyo kwa hasara. Nilipoihamishia gloriosum katika chungu kipya, nililifukia shina lake lote kwa kudhani kwamba ninaupa mmea uthabiti, na baada ya wiki chache likaanza kulainika na kutoa harufu mbaya. Nilikata sehemu yote iliyooza hadi kwenye nyama iliyo ngumu na safi, nikaiacha ikauke kwa siku moja, kisha nikaulaza mmea juu ya udongo na kufukia mizizi tu. Uliishi, ila ulichukua miezi mingi kabla ya kutoa jani la maana. Chungu kinachoufaa mmea wa namna hii ni kile kirefu cha kulala, chenye nafasi mbele ya ncha ya shina, kwa kuwa huko ndiko unakoelekea.

Zile zinazopanda huhitaji nguzo, na nguzo hiyo si pambo. Mizizi ya hewani inaposhika kitu chenye unyevu, kwa mfano nguzo iliyofungwa nyuzi za makumbi na kunyunyiziwa maji mara kwa mara, majani yanayofuata huongezeka ukubwa. Shina likiachwa lining'inie, majani hubaki madogo na nafasi baina ya vifundo vya shina, pale majani yanapoota, hurefuka. Hewa kavu nayo husababisha jani changa kunasa ndani ya ala. Utatamani kulivuta, lakini usilivute, kwa maana litachanika na mchaniko huo hautapona. Lowesha ala kwa maji kidogo, kisha usubiri.

Udongo uwe wenye vipande vikubwa vinavyopitisha hewa: magome ya miti, nyuzi za makumbi, perliti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) na mboji kidogo. Mimi huingiza kidole kiasi cha sentimita 4, na nikikuta pamekauka ndipo ninapomwagilia mpaka maji yatoke chini. Mwanga uwe mwingi lakini uliochujwa, kwani jua kali la moja kwa moja huacha mabaka ya kahawia. Jani moja la chini kugeuka njano ni uzee tu. Majani kadhaa yakigeuka njano kwa pamoja huku udongo umelowa, chunguza mizizi siku hiyohiyo. Matone ya maji yanayoonekana asubuhi kwenye ncha za majani si ugonjwa.

Majani yanayong'aa huyapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, ilhali yale ya mahameli huyafagia kwa brashi laini, na wakati huo ndipo ninapogeuza upande wa chini kutafuta utitiri, ambao husuka utando mwembamba sana, pamoja na vidugamba, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, wanaojificha kwenye makwapa ya vikonyo. Kazi ya kukata ifanyike kwa glavu. Utomvu wa mimea hii una fuwele za oksaleti ya kalsiamu zinazowasha ngozi na kuvimbisha mdomo, kwa hiyo iwekwe mbali na watoto, paka na mbwa.

Ule mmea wenye makovu ya macho nimelazimika kuuhamisha mara tatu. Majani yake hutanuka kila upande kuliko shina linavyopanda juu, na kikonyo kinachoguswa na kila mpita njia huvunjika, kwa hiyo anayefikiria kuuleta ndani na apime kwanza upana wa chumba, aache angalau mita 2, ndipo atafute chungu.