Chupa za maji na kiti cha mbao: nilivyorudisha nguvu za miguu nikiwa na kisukari

Nakaa Mabatini, Mwanza, huku nyumba zimepachikwa kwenye mawe na kwenda dukani ni kupanda na kushuka. Kisukari aina ya pili ninacho tangu kabla sijastaafu, nimeshakizoea. Kilichonitisha ni mapaja. Nilikuwa nikikaa kwenye kigoda kuchambua dagaa, siinuki mpaka nishike ukuta au nimwite mjukuu anivute.

Kliniki wenzangu walikuwa wanahimizana vidonge vya vitamini D, eti vinashusha sukari. Nikamuuliza nesi. "Mama, hivyo ni vya mifupa, kwa aliyepungukiwa. Sukari usiitegemee huko." Baadaye nikasoma kwamba Marekani waliwapa watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari uniti 4,000 kila siku, majibu yalitoka 2019, na havikuwakinga kwa kiasi cha maana. Basi hela yangu ikaenda kwenye viatu vya kufunika vidole. Vitamini D ngozi huitengeneza kwa jua, na jua Mwanza tunalo la bure, ingawa sisi weusi ngozi inahitaji muda mrefu zaidi juani, na anayeshinda ndani au kujifunika mwili mzima ni vizuri amwulize daktari kuhusu kupimwa. Dagaa nawala na miba yake, kwa ajili ya kalisiamu.

Kazi yenyewe nilionyeshwa na mtaalamu wa mazoezi tiba. Unakaa kwenye kiti cha mbao kisichoyumba, mikono unaikunja kifuani, unasimama, halafu unarudi chini polepole. Hapo kwenye kushuka ndipo penye kazi. Ukijiachia puu, hujafanya kitu. Mwanzoni niliweka mto juu ya kiti ili kisiwe chini sana. Kisha unasukuma ukuta, unanyanyuka kwa vidole vya miguu, na unainua chupa mbili za lita moja na nusu. Nilianza na maji nusu chupa, nikawa naongeza. Unapumua muda wote, hubani pumzi. Siku mbili tatu kwa wiki, zisifuatane, msuli upate kupumzika. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na kwetu tuliokoma hedhi mifupa nayo inahitaji mzigo.

Kwa kuwa natumia glibenklamaidi, kidonge cha kisukari kinachoweza kushusha sukari kupita kiasi, napima kwanza. Kuna asubuhi kimashine kilisoma 4.6, chini kidogo kwa kuanzia mazoezi, nikala ndizi mbivu, nikasubiri, nikapima tena ndipo nikaanza. Kutetemeka na jasho la ghafla si uchovu wa mazoezi, ni sukari kushuka.

Kigoda sasa nainuka mwenyewe, na sinia la dagaa mkononi. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimeshuka kidogo, si cha kupigia vigelegele.

Jirani yangu naye anataka tuanze wote. Yeye ameambiwa kisukari kimemgusa macho, na kukaza nguvu kunaweza kuvujisha damu kwenye jicho bovu, kwa hiyo nimemwambia aende kwanza kliniki ya macho. Kanuna, lakini Jumatatu anakwenda.