Ruta ya nyumbani ilivyokuwa ikisumbua: umeme kwanza, mawimbi baadaye

Nyumbani natumia faiba ya megabiti 40 kwa sekunde. Ruta ilikuwa sebuleni, nyuma ya televisheni, na malalamiko yalikuwa mawili: jioni chumbani kasi inashuka hadi megabiti 3, na mara kwa mara mtandao unapotea kabisa kama dakika mbili, halafu unarudi wenyewe. Wengi wakifika hapo hununua ruta mpya, na kwa kuwa hawajui ni lipi hasa walilokuwa wanatibu, wanabaki palepale.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote nilichomeka laptopu kwenye ruta kwa waya, nikazima Wi-Fi ya laptopu, nikapima kasi. Ikaja 38, kwa hiyo mtoa huduma hakuwa na kosa. Kisha nikafungua dirisha la amri la Windows na kuandika ping 192.168.1.1 -t, amri inayotuma ujumbe mfupi mfululizo kwenye anwani ya ruta na kupima jibu linachukua muda gani. Inaipima ruta yenyewe, si intaneti. Kwa waya majibu yalirudi chini ya milisekunde 1. Kwa Wi-Fi, nikiwa chumbani, yalirukaruka kati ya 4 na 300, na mengine hayakurudi kabisa. Ukiona hivyo tatizo liko kati ya ruta na kifaa chako. Ruta ikijibu vizuri lakini ping 8.8.8.8 (anwani ya seva ya Google huko nje kwenye intaneti) ikawa inakatika, hapo ndipo pa kumpigia simu mtoa huduma.

Nikaanza na kupotea kwa mtandao. Kwenye kurasa za mipangilio ya ruta kuna mstari unaoonyesha imekaa hewani muda gani tangu iwashwe. Wangu ulisoma saa chache, na umeme ulikuwa haujakatika siku nzima. Maana yake ruta ilikuwa ikijizima na kujiwasha. Mara nyingi ni adapta, kile kifaa cha ukutani kinachoilisha ruta umeme, na ubaya wa adapta iliyochoka ni kwamba ukiipima bila mzigo inaonekana nzima. Yangu, ya volti 12, ilisoma 12.2. Ili kuipima ikiwa kazini nilitumia waya wa kugawa umeme unaouzwa kwenye maduka ya kamera za ulinzi, wenye jike moja na madume mawili, kipimo cha milimita 5.5 kwa 2.1. Dume moja likaenda kwenye ruta, la pili kwenye multimita (kifaa cha kupimia umeme) iliyowekwa volti za DC, hadi 20: ncha nyekundu ndani ya tundu, nyeusi kwenye bomba la nje, bila kuziacha zigusane. Simu mbili zilipoanza kucheza video, volti zikashuka hadi 10.4, na kuna nyakati zilipita chini ya hapo. Ni kapasita za ndani, vijisehemu vinavyotuliza umeme, zilizochoka kwa joto.

Kwenye adapta mpya, volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya ruta, na chanya iwe katikati ya plagi kama mchoro unavyoonyesha. Ampea zinaweza kuzidi. Ya zamani ilikuwa ya ampea 1, nikaweka ya 2. Wapo wanaoamini ampea nyingi zitaunguza ruta. Ruta huvuta inachohitaji tu, na balaa ni kuweka ampea pungufu.

Kukatika kukaisha, ila kasi ya chumbani ikabaki vilevile. Programu ya simu ya kuchunguza Wi-Fi ilionyesha nguvu ya mawimbi kitandani ni -78 dBm. Kwa simu ya video nataka -67 au bora zaidi (namba ikisogea kuelekea sifuri ndiyo nzuri). Kati ya ruta na kitanda kulikuwa na televisheni, ukuta wa tofali za saruji na kabati lenye kioo kikubwa, na kioo hurudisha mawimbi kama bati. Kifaa cha faiba nilikiacha kilipo, kwa sababu uzi wake haupendi kukunjwa. Nikavuta kebo ya mtandao ya Cat6 ya mita 15 hadi kwenye korido na kuipandisha ruta kwenye rafu, juu kidogo ya usawa wa kichwa. Kitandani ikawa -61. Kile kifaa cha kuongeza mawimbi kinachochomekwa ukutani sikukitaka: cha bei rahisi hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo hula karibu nusu ya kasi.

Baada ya hapo chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho ruta hurushia. Kwenye masafa ya 2.4 GHz zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu. Majirani wengi walikuwa kwenye 6, na mmoja kwenye 4. Huyo wa 4 ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu, lakini aliyekaa katikati anakuwa kelele kwa pande zote mbili. Nikachagua 11 na kuteremsha upana wa chaneli kutoka 40 MHz hadi 20. Usalama wa nenosiri nikauweka WPA2 yenye AES peke yake, bila TKIP, ile njia ya zamani ya kuficha data. Ukiacha TKIP ikiwa imewashwa, vifaa vinavyoitumia haviwezi kuvuka megabiti 54.

Kwenye 5 GHz niliweka chaneli 36, upana 80, na nikaipa jina lake mbali na ile ya 2.4, maana simu ikishashika 2.4 haitaki kuiachia hata ukikaa chini ya ruta. Chaneli za 52 hadi 144 nimeziepuka. Hizo zinatumiwa na rada, hivyo ruta hulazimika kusikiliza walau sekunde 60 kabla ya kurusha, na kila umeme unaporudi utadhani 5 GHz imekufa.

Chumbani sasa napata 34 hadi 37 kwa 5 GHz. Jikoni inabaki 2.4, na maikrowevu ikiwashwa kasi hudorora mpaka chakula kipate moto.