Siku moja maishani mwangu: kuhesabu vidonge Mahenge

Saa 11 alfajiri. Ukungu wa Mahenge umeshuka hadi mlangoni. Navaa koti, nakagua barafu kwenye kibebeo baridi, natia mkobani fomu, sindano na karatasi ya maabara iliyoninyima usingizi. Kijana wa miaka 14, fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, kwenye damu: miligramu 7 kwa lita. Sisi hutaka 15 hadi 40. Na vidonge vyake nilivihesabu mwenyewe, hesabu ikatimia.

Saa 1 na nusu. Bodaboda inateleza kwenye udongo mwekundu, mto unasikika bondeni. Usubi huzaliana kwenye maji yaendayo kasi, na inzi hao wadogo weusi ndio wabebao mnyoo ambao utafiti umeuhusisha na kifafa kingi cha huku. Ivermekitini, dawa ya mnyoo huo, huua watoto wa mnyoo, si mnyoo mkubwa, naye anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo watu humezeshwa dawa mwaka baada ya mwaka, wanachoka. Hata mimi ningechoka.

Saa 3. "Shikamoo mama." "Marahaba nesi, karibu kigoda."

Kijana ana kovu la moto mkono mzima. Aliangukia jikoni, waliokuwepo wakaogopa kumgusa kwa sababu ya povu. Povu la kifafa haliambukizi. Nalisema hilo kila nyumba ninayoingia, na leo nalisema tena.

Kopo ni tupu. Tangu nije mara ya mwisho ameanguka mara nne.

"Hajaruka hata siku moja?"

"Hata moja."

Zamani ningemtolea karatasi ya maabara. Siku hizi sifanyi hivyo, maana ukimhoji mtu kipolisi atakujibu kama mshtakiwa. Natoa kopo jipya, namwomba anionyeshe jinsi anavyompa dawa usiku. Anachukua kidonge kimoja, halafu anachukua kisu.

"Nusu ya pili ni ya nani, mama?"

Kimya. Mwishowe anaita, anatoka binti wa miaka 8 na muhogo wake mkononi. Anauma kidogo, kichwa kinashuka. Kinapanda, kinashuka tena, kama mtu anayesinzia kwenye basi. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyetibu kifafa hapahapa Mahenge, aliandika kuhusu watoto wa namna hii, ambao kifafa chao huonekana kwa kichwa kuinamainama, tangu miaka ya 1960.

"Nikimpeleka na huyu, watasema nyumba yangu imelogwa."

Sina jibu la haraka. Namweleza kwamba fenobabitoni hutoka mwilini polepole, nusu yake kwa siku nne hivi, ndiyo maana humezwa mara moja tu kwa siku. Lakini dozi ya mmoja ikigawanywa haimtoshi yeyote. Na asiikatishe ghafla, kifafa kinaweza kurudi mfululizo bila kupumzika. Anaitikia kwa kichwa, anaenda kuvaa kitenge. Tunaondoka wote wanne, bodaboda mbili.

Saa 8 mchana, kliniki. Binti ameandikishwa na kupimwa uzito, maana dozi ya mtoto huenda kwa kilo. Kwenye dirisha la dawa naambiwa akiba ya fenobabitoni iliyobaki haifiki mwezi. Alfred Hauptmann aligundua mwaka 1912 kwamba dawa hii inazuia degedege la kifafa, ni miongoni mwa zile za bei ndogo kabisa, na bado tunaihesabu kwa vidole! Imo kwenye orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa, kwa hiyo kuiagiza kuna karatasi juu ya karatasi.

Saa 11 jioni. Nazungusha damu kwenye mashine, nagandisha majimaji yake, nabandika namba. Wali na kitoga. Naoga.

Saa 3 usiku. Fomu inauliza vidonge vilivyobaki: 0. Inauliza kama mgonjwa ametumia dawa ipasavyo: ndiyo au hapana. Naandika pembeni, nje ya kisanduku, "anagawana na mdogo wake." Kisha nafungua faili la mwezi uliopita kutafuta sifuri nyingine. Nimefika ya kumi na moja, umeme unakatika.