Kadi mbili, mlango mmoja

Mwaka 2010 Unguja kila kitu kilicholala kilisingiziwa umeme. Haikuwa ajabu: tulikaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi, na uliporudi, friji, redio na kompyuta zikawa zinakufa hovyo. Kwa hiyo Ami mmoja wa Mkunazini aliponiita kuhusu mashine yake iliyokuwa ikiganda, nilikwenda na jibu langu mfukoni. Nikabadilisha pawasapulai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Ikaganda. Nikabadilisha memori. Ikaganda vilevile. Wiki mbili nimepiga guu na njia, na pesa za watu nimeshazila.

Kazi ya Ami ni kuhamisha kanda za VHS za harusi kwenda DVD. Mashine yenyewe mtumba, kubwa kama kabati, na madabodi yake, ule ubao mkuu, ina prosesa mbili za Pentium III, yaani ubongo mara mbili. Ndani ina kadi ya kunasa video, kadi ya sauti na kadi ya mtandao ya kupelekea mafaili kwenye kompyuta ya pili.

Aliyenifungua macho ni Ami mwenyewe, na hajui hata sloti, tundu la kuchomekea kadi, ni nini. Siku hiyo anakunywa kahawa, akasema, "Mwanangu, ikinasa kanda peke yake haina neno. Tabu nikiipa kazi mbili, huku inanasa, huku inapeleka mafaili kule." Nikajiona mjinga. Umeme mbovu hauchagui kazi.

Kadi ikitaka kuhudumiwa na prosesa hupiga hodi, na kila hodi ina namba yake, ndiyo IRQ. Mpango wa zamani una namba 16 tu, 0 mpaka 15, na nyingi zina wenyewe: 0 saa, 1 kibodi, 3 na 4 poti za siriali, 6 flopi, 14 na 15 diski. Namba 2 imeliwa kwa kuunganishia chipu ya pili ya kupokea hodi. Kadi zako zinabaki kugombea 5, 9, 10 na 11. Madabodi ya prosesa mbili ina chipu nyengine, I/O APIC, ambayo kwa kawaida huongeza namba mpaka 23 na kuzigawa hodi kwa prosesa zote. Lakini Windows 2000 ya Ami ilipakiwa kwa mfumo wa prosesa moja. Nilipofungua orodha ya vifaa nikakuta kadi zote zimerundikwa namba 9, na prosesa ya pili imelala usingizi wa pono. Ami alinunua punda wawili, akawa anamfunga mmoja kwenye gari.

Kuchangia namba si kosa kwa kadi za PCI, aina ya kadi zilizokuwa humo, zimeruhusiwa. Ila draiva zote zinazochangia, yaani programu zinazoendesha kadi, ziwe na adabu, kila moja iulize kama hodi ni yake na isipokuwa yake impishe mwenziwe. Draiva ya kadi ya kunasa haikuwa na adabu hiyo.

Nikawasha kwa CD ya Ubuntu, mfumo mwengine usio Windows, zile CD zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta, nikasoma faili la /proc/interrupts linaloorodhesha hodi. Hapo prosesa zote mbili zilionekana, kila moja na safu yake ya hesabu. Lakini mstari wa 18 ulikuwa na majina mawili: eth0, bttv0. Mtandao na video bado mlango mmoja, hata kwenye APIC. Maana yake kupakia Windows upya peke yake kusingenisaidia.

Ubishi ulikuwa kwenye nyaya. Sloti za PCI ni tano, lakini nyaya za hodi zinazozunguka humo ni nne, kwa hiyo lazima wawili walale kitanda kimoja. Kwenye madabodi hii ni sloti ya 3 na ya 5. Nikachora sloti nyuma ya bahasha, nikawa nahamisha kadi, nawasha, nasoma, naandika. Mtandao kwenye sloti ya 4 ukaangukia kwa USB, na mausi ikaanza kurukaruka kila faili likisafiri. Nikaupeleka ya 1, inayochangia namba na kadi ya skrini, kisha nikaingia kwenye bayosi, mipangilio ya madabodi yenyewe, nikazima kuipa kadi ya skrini IRQ, kwani kwa kazi hii haiihitaji. Nikazima na poti za siriali, hazikuwa na mtu. Video ikabaki ya 3 peke yake, sauti ya 2.

Ndipo nikaipakia Windows upya kwa mfumo wa prosesa nyingi. Kadi zikatokea kuanzia namba 16. Tukaweka kanda ya harusi ya saa tatu, huku inanasa huku inapeleka mafaili, nami nikaenda kuswali Alasiri. Niliporudi, bibi harusi bado anaingia ukumbini.

Mwezi wa Juni Ami akanipigia simu. Mashine imeganda tena, na mpwa wake anaapa kuwa ni umeme. Nikauliza kama kuna aliyeifungua.

"Katia kadi ya televisheni tu, ya kutazamia Kombe la Dunia."

"Sloti ya ngapi, Ami?"

Nikamsikia anahesabu na kijana. "Ya mwisho. Ya tano."