Kutoka Dhul-Hulaifa hadi Marwa

Basi letu la Umra liliondoka Madina baada ya Adhuhuri, na viti havijapata joto likasimama tena: Dhul-Hulaifa, au Abyar Ali, kilomita 10 hivi kutoka Msikiti wa Mtume. Hakuna mikati, yaani kituo cha kunuia Umra au Hija, iliyo mbali zaidi na Makka; zaidi ya kilomita 400 bado zilikuwa mbele yetu. Hapa ndipo Mtume (s.a.w.) alipohirimia (alipoinuia Umra) mwaka wa 6 wa Hijra, safari iliyoishia Hudaibia, kabla ya kufika Makka.

Wazoefu walishaoga na kukata kucha hotelini, wakakwepa foleni ya mabafu. Manukato hupakwa mwilini kabla ya nia, shuka ziachwe. Wanaume shuka mbili zisizoshonwa na kandambili. Wanawake nguo zao za sitara, uso na viganja wazi. Rakaa mbili, kisha nia. Shuka peke yake si ihramu, ihramu ni nia, na anayeivuka mikati bila hiyo hurudi au huchinja. Ndiyo maana wanaoruka moja kwa moja kutoka Dar es Salaam au Nairobi hadi Jidda huvaa kabla ya kupanda, wakanuia angani.

Makka tuliingia usiku. Ndani ya Haramu, msikiti wenye Kaaba, tulitafuta taa ya kijani ukutani, iliyonyooka na Jiwe Jeusi. Tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, huanzia na kuishia hapo, mara 7, Kaaba ikiwa kushoto. Wanaume bega la kulia wazi, na mizunguko 3 ya mwanzo ni mchakamchaka. Asili yake ni mwaka wa 7 wa Hijra: Makuraishi, kabila lililotawala Makka, walisema homa ya Yathrib (Madina) imewadhoofisha Waislamu, Mtume akaamuru waonyeshe nguvu. Kwa msongamano wa leo, mara nyingi unabaki kutikisa mabega tu.

Wengi huharibikiwa kwenye Hijri Ismail, ule ukuta mfupi wa nusu duara. Ukikata njia kupitia ndani, mzunguko huo hauhesabiki, kwa sababu sehemu ya pale ni Kaaba yenyewe. Makuraishi walipoijenga upya, kabla ya utume, fedha ya halali iliwapungukia, wakaifupisha.

Sisi Mashafi, wafuasi wa Imamu Shafi, tuna shida nyingine: ngozi ya mtu wa jinsia nyingine asiye maharimu, yaani si ndugu wa karibu, ikikugusa, udhu umekwenda, na kwenye tawafu huwezi kuepuka kugusana. Mashehe wetu wengi huwaambia watu wafuate Mahanafi katika hilo, maana kwao mguso hauvunji udhu. Ushauri mzuri, maana anayekwenda kutawadha kila anapoguswa hamalizi hadi Alfajiri.

Rakaa mbili nyuma ya Makamu Ibrahim, bega limeshafunikwa, maji ya Zamzam, kisha sai, matembezi kati ya vilima vya Safa na Marwa. Hapa hesabu huwapotosha watu: Safa hadi Marwa ni moja, kurudi ni ya pili, na ya 7 huishia Marwa. Anayehesabu kwenda na kurudi kuwa moja hutembea mara 14. Kwenye taa za kijani wanaume hukimbia, wanawake hutembea, ingawa aliyekimbia mwanzo ni mwanamke, Bi Hajar, mama yake Ismail.

Marwani watu walitoa vimkasi wakakatana nywele tatu tatu. Kwa Imamu Shafi inatosha, lakini Mtume aliwaombea wanaonyoa mara 3 na wanaopunguza mara 1, kwa hiyo sisi tulitoka nje kutafuta kinyozi. Wanawake walikata ncha tu, kiasi cha pingili ya kidole. Hadi wembe ulipopita tukatoka kwenye ihramu, sabuni ya kunukia, iliyokatazwa ndani yake, ilibaki mfukoni.